Kaa Amebeba Nini?

Wambaa, Pemba
12 Mei 2024

Kaka yangu Jabir,

Assalaam alaykum. Watu huandika "hofu ni juu yako uliye mbali" kwa mazoea tu, kalamu inakwenda yenyewe. Mimi leo naiandika kwa maana yake. Tangu Mabruki atuletee habari kwamba lori lake limekuteremsha Tunduma na kwamba huna hata simu, mama hajaweka sahani mbele yake akaimaliza.

Mabruki anasema simu uliiuza. Anasema pia kwamba ukipewa ya mtu upige nyumbani unakataa, unadai ukisikia sauti ya mama utarudi. Mama alipoambiwa hivyo alicheka kidogo, akasema, "Basi na arudi." Halafu akaingia chumbani. Ulipoondoka hukumuaga, Jabir. Hukuomba radhi, hukushikwa kichwa ukaombewa dua. Mtu hata akienda Unguja kwa siku mbili huomba radhi. Mimi nimekusamehe, lakini mimi si mama yako.

Tutaandikiana kwa mkono wa Mabruki, maadamu lori lake linapita huko. Akifika Dar ataikabidhi barua kwa mtu wa boti, nami nitaifuata bandarini Mkoani.

Nina mambo mawili. La kwanza ni kazi. Watoto wangu wa maandalizi ni thelathini na wanane, na kitabu cha picha tulicho nacho ni kimoja, cha matunda, na nusu ya matunda hayo hawajapata kuyaona. Tisa kati yao wana baba au mama aliyehama kutafuta maisha. Wananiuliza njia ndefu ikoje, nami sijapata kukipita kisiwa cha Chumbe. Nataka tuwatengenezee kitabu cha picha cha safari ndefu. Wewe chora unachokiona, mimi nitaandika maneno. Mkono uliochora vibao vya nusu ya maduka ya Mkoani haujafa kwa sababu watu siku hizi wanachapisha mabango ya plastiki. Msafiri awe kaa, maana kaa wanamjua, kila siku wanamfukuza mikokoni.

La pili si zuri. Kidani cha mama kimepotea. Kile cha dhahabu alichoachiwa na bibi, chenye vipande saba, ambacho cha nne kilianguka zamani kikatiwa ushanga wa kijani. Kile nilichokuwa nivishwe mimi siku ya harusi. Kasha halikuvunjwa. Limekutwa limefungwa, na ufunguo upo pale pale mama anapouficha, mahali ambapo hata mimi sipajui. Majirani wameanza kumtazama Siti, kwa kuwa ndiye anayekuja kutusaidia kufua. Mama hajamtaja mtu. Lakini dada zake wamemshika, wanataka Maalim Masika asome Halbadiri, mwizi aapizwe. Unajua mwenyewe Halbadiri haimtafuti mtu kwa jina. Humtafuta kwa kitendo, awe nyumbani, awe ugenini.

Jitunze. Chora.

Dada yako,
Ruweida


Tunduma
27 Mei 2024

Dada yangu Ruweida,

Waalaykum salaam. Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikakaa chini nikaisoma tena.

Kazi nimeikubali. Malori hapa hulala siku tatu, nne, yakisubiri karatasi za kuvuka, na madereva wanapenda kuandikiwa majina na kuchorewa simba nyuma ya gari. Ninakula kwa mkono wangu. Nakupelekea picha mbili. Ya kwanza, kaa anatoka shimoni mwake. Ya pili, amekutana na wenzake wanne: kuku, mbuzi, paka na kobe. Hao ni watu kweli. Kuku ni mwanamke wa Kigoma, hacheki na mtu. Mbuzi na paka ni vijana wa Tanga, hawaachi kubishana. Kobe ni mtu mzima wa Mwanza, mara yake ya tatu hii. Wote tunakwenda Afrika Kusini. Mimi nina bahati, Haroub, mtoto wa Ami, yuko huko, anapaka rangi nyumba za watu na kanambia nikifika nitashika brashi siku ile ile.

Pasipoti sina, hilo unalijua. Mabruki hawezi kunivusha, akikamatwa amebeba mtu kama mimi ananyang'anywa leseni na nisingependa. Kuna njia ya shambani, wenyeji wanaijua. Mama usimwambie.

Kuhusu Halbadiri, mwambie mama asisome. Ruweida, tafadhali. Kumsomea mtu usiyemjua si jambo la kuchezea. Huenda aliyechukua ana shida yake. Huenda anataka kukirudisha na hajui njia. Mwambie asubiri, hata miezi mitatu. Mwambie mimi ndiye niliyemuomba, na yeye hajapata kuninyima kitu.

Nakuomba unijibu hilo kwanza kabla ya mengine.

Jabir


Wambaa
14 Juni 2024

Kaka Jabir,

Nakujibu hilo kwanza, kama ulivyotaka. Barua yako imefika tarehe kumi. Halbadiri imesomwa Ijumaa, tarehe thelathini na moja ya mwezi uliopita.

Walikuja wasomaji kumi na mmoja baada ya sala ya alasiri. Ubani ulifukizwa mpaka ukuta wa jikoni ukanuka. Mimi nilikaa ukumbini na wanawake. Maalim Masika alimuuliza mama amenuia nini, mama akamjibu kwa sauti ya chini, sikumsikia. Wasomaji walipofika yale majina ya watu wa vita vya Badri, sauti zao zilipanda pamoja, na mimi ambaye sijaiba hata sindano nikavuta kanga nikajifunika uso. Siti alikuwepo, Jabir. Alikuja kwa miguu yake akachota maji ya kuwanawisha watu, ili aonekane haogopi. Walipomaliza, mama alimfuata Maalim mlangoni akamwambia neno jingine, nadhani alimshukuru.

Ulivyoandika umenishangaza. Tangu lini umekuwa wa kumhurumia mwizi? Wewe uliyemkimbiza mtu mpaka Kengeja kwa ajili ya baiskeli ya Ami. Mama nilimsomea maneno yako. Akauliza, "Kaandika mwenyewe?" Nikamwambia ndiyo. Akachukua ile barua na hajanirudishia.

Sasa kitabu. Picha zako zimewashika watoto hata kelele zimekwisha. Ya kwanza nimeiandikia hivi: "Kaa alifunga safari. Alitembea upande upande, jicho moja njiani, jicho moja nyumbani." Ya pili: "Kaa alipata wenzake wanne. Akasema, safari ndefu haiendwi na mmoja." Wamezikariri. Nusaiba, mtoto wa Siti, ndiye mwenye maswali. Ameona kaa ameshika kifurushi kwenye gando lake, kwenye picha zote mbili, akauliza, "Mwalimu, kaa amebeba nini?" Nimemwambia nguo. Akasema kaa havai nguo. Niandikie amebeba nini, nisije nikaaibika mbele ya mtoto wa miaka mitano.

Ruweida


Lusaka
6 Julai 2024

Ruweida,

Nimekuwa mzito wa kuandika, nisamehe. Barua yako Mabruki alinikuta nayo kwenye maegesho ya malori, tarehe ishirini na sita. Nilipofika kwenye siku ya kisomo nikahesabu vidole. Tarehe thelathini na moja Mei, alasiri, ndiyo siku na saa tuliyokuwa tunavuka shambani kutoka Tunduma. Watu waliovaa sare walitokea kwenye mahindi. Wote walikimbia, mimi nikaanguka. Nililala kifudifudi, buti zikapita karibu na mkono wangu, nikasema nimekwisha. Hawakuniona. Walimkamata paka, aliyekuwa mbele yangu na mwenye mbio kuliko sote. Hatujui alipo.

Kutoka hapo tulipanda lori la mbolea, tukakaa chini ya turubai siku mbili. Mbolea inachoma macho. Mbuzi alianza homa humo. Tulipoteremshwa Lusaka alikuwa anaongea na mama yake kama yupo mbele yake. Tulimpeleka kwa watu wa msikitini wakampokea, nasi tukaondoka. Ulikuwa uamuzi wa kobe, lakini na mimi niliinuka nikamfuata. Sasa tuko watatu, na kuku anasema atarudi kwao.

Picha tatu nimeziweka humu. Utaona wenzake kaa wanapungua. Nilitaka kuwachora wote watano mpaka mwisho kwa ajili ya watoto, mkono ukakataa. Waambie paka amepumzika. Waambie mbuzi amekaribishwa chakula.

Silali vizuri. Nikisikia watu wanasoma kwa pamoja, hata redio ya duka, najikuta nimeshaondoka. Tafadhali nambie jambo moja. Tangu siku ile ya kisomo, kuna mtu yeyote hapo kijijini amepatwa na jambo? Mama mzima? Wewe mzima?

Kaa amebeba mzigo wa njiani. Mwambie hivyo huyo mtoto.

Jabir


Wambaa
22 Julai 2024

Kaka,

Mama mzima. Mimi mzima. Siti ndiye aliyepatwa.

Ilianza wiki mbili baada ya kisomo. Miguu ilivimba, kisha uso, asubuhi macho hayafunguki. Daktari amesema ni figo na amempa dawa. Lakini nani anamsikiliza daktari? Kijiji kizima kimekwisha hukumu: Halbadiri imempata mwizi. Kisimani wanawake wanampisha, si kwa heshima. Mumewe yuko Bara, hajui, au anajua na amenyamaza. Mtu amemwambia usoni, "Rejesha kidani cha watu, tumbo lisije likakupasuka." Siti akajibu, "N'rejeshe nini na mie sina?" Akaenda zake akijikokota.

Na darasani, Jabir, hakuna anayetaka kukaa na Nusaiba. Wazazi wamewakataza. Nimehamisha mkeka wangu nikakaa naye mimi. Juzi amenong'ona, "Mwalimu, mama yangu atapasuka?" Nimemwambia hapana, lakini sauti yangu mwenyewe sikuiamini. Kwa sababu na mimi nilikuwa nimeanza kuamini kwamba ni Siti. Nakiri kwako, sitakiri kwa mwingine.

Jana zikafika picha zako tatu. Nilizitazama jikoni, peke yangu, nikimngoja mama atoke msikitini. Ile ya tatu, kaa amelala, na kifurushi kimefunguka kidogo pembeni. Umechora vizuri mno, ndilo kosa lako, hujui kuchora ovyo. Nimehesabu vipande vitatu vya manjano, kisha kimoja cha kijani.

Nilikaa mpaka wali ukaungua.

Picha ile watoto sijawaonesha. Nimeificha ndani ya msahafu wangu. Kila mama akipita nyuma yangu naufunga kama mimi ndiye niliyeiba. Nikinyamaza, Siti anaangamia na mwanawe. Nikisema, nimekutaja wewe kuwa ndiye uliyesomewa, na uko njiani, hujapata radhi, hujafika popote. Sijui Halbadiri inafanya kazi namna gani. Najua tu kwamba mwezi huu nimeogopa zaidi kuliko miaka yangu yote.

Kwa hiyo nakuuliza mara ya mwisho, na safari hii si mtoto anayeuliza. Kaa amebeba nini?

Ruweida


Karibu na mpaka wa Afrika Kusini, upande wa Zimbabwe
12 Agosti 2024

Dada yangu,

Amebeba kidani cha mama.

Nilikichukua siku mbili kabla sijaondoka, mama akiwa shambani kwa Ami, karafuuni. Nilijiambia nimekiazima. Nikifika kwa Haroub nitafanya kazi, nitakikomboa au nitanunua kingine kizuri zaidi, nitakirudisha kabla ya harusi yako, na hakuna atakayejua. Ndivyo mwizi anavyojiambia, nimekuja kuelewa. Ndiyo maana sikumuaga mama. Ningemuombaje radhi huku kidani kimo kiunoni, kimefungwa kwa kitambaa?

Sikukiuza. Nilikwenda kwa sonara Tunduma, siku ile ile barua yako ya kwanza iliponifikia. Alikiweka kwenye mizani. Nikaona ule ushanga wa kijani nikakumbuka bibi alivyokuwa anakaa nacho mlangoni siku za Sikukuu, nikakinyakua nikatoka. Tangu hapo nimekibeba. Sithubutu kukiuza, sithubutu kukitupa.

Sasa sikiliza yaliyonifika. Kuku amerudi. Tuliobaki ni mimi na kobe. Wiki iliyopita kobe aling'atwa na nyoka tukikata kuni za kupikia, na nyoka alikuwa karibu na mguu wangu, si wake. Yu hai, lakini hawezi kutembea, amebaki hospitali. Paka alikamatwa nilipoanguka mimi. Mbuzi alipata homa akiwa amelala nafasi yangu, tulikuwa tumebadilishana kwa sababu upande wake ulikuwa na upepo. Naona kitu kinanitafuta mimi, kila kikifika kinamkuta mwingine. Na sasa kimemkuta Siti. Mama wa mtoto.

Kwa hiyo imetosha. Mabruki amefika jana akielekea nyumbani, anasubiri niimalize hii. Nimempa kidani, kimeshonwa ndani ya mfuko wa unga. Hajui ni nini, lakini ameapa kitafika. Mpe mama. Mwambie ni mimi, mbele ya watu, mbele ya dada zake na majirani wote. Siti aoshwe jina lake hata kama langu litachafuka. Mwambie Siti nimemkosea, na wewe nimekukosea, kidani kilikuwa chako. Mama simuombi kitu. Sina uso wa kumuomba.

Mto wa kuvuka ni Limpopo. Wanaovusha watu wamesema Jumamosi, tarehe kumi na saba, maji yakiwa chini, saa saba mchana ambapo walinzi wanakula. Wanasema mamba hulala mchana. Kobe aliniambia wanasema hivyo kila mara. Nikingoja jibu lenu itakuwa mwezi mzima, na hapa si pa kungoja, watu wanawavua wasafiri hata viatu. Nitavuka bila kujua kama bado nasakwa. Nimezaliwa kisiwani, nimeoga bahari kila siku ya maisha yangu, na ule mto naogopa hata kuutazama.

Picha mbili za mwisho zimo. Ukurasa wa mwisho kabisa nimeuacha mtupu. Nikifika nitauchora.

Kaka yako aliyekukosea,
Jabir


Wambaa
Alkhamisi, 23 Safar 1446

Mwanangu Jabir,

Barua hino naandika kwa mkono wangu, kwa herufi za chuo, zile za msahafu, kwa sababu hizo za skuli sikufunzwa. Usinicheke khati. Ruweida yuko jikoni, hajui n'naandika nini.

Mabruki kaja mwenyewe na mfuko wa unga. Ruweida kaupasua mbele yangu, kakitandaza kidani juu ya mkeka, kalia, kanisomea barua yako yote. Kamaliza, kaniangalia, kadhani n'tazimia. Sikuzimia. Miye nilijua.

Nilijua tangu siku ya kwanza, baba. Ufunguo wa kasha naficha ndani ya kopo la iliki. Wa kulijua hilo kopo ni miye na weye tu, toka ulipokuwa ukiiba iliki ukatafuna ukiwa huna hata meno ya mbele. Nilipokwenda, ufunguo umerejeshwa, na kifuniko kimekazwa mpaka nikakifungulia kwa kisu. Nani hukaza kifuniko vile nyumba hino? Nikakaa juu ya kitanda nikasema, huyu kaondoka kwa sababu hino, wala si kwa kunichukia. Nilifarajika, Mungu anisamehe. Nilikuwa nadhani umeninunia.

Dada zangu wakanishika na Halbadiri. N'ngekataa wangeuliza kwa nini. Nikakubali. Maalim kaniuliza, umenuia nani? Nikasema, aliyechukua. Kisha roho hainipi, nikamfuata mlangoni. Nikamwambia, Maalim, ila akiwa ni wa tumbo langu. Akiwa ni wa tumbo langu nimemsamehe toka hajachukua, asiguswe hata ukucha. Maalim kanitazama, keshafahamu. Kasema, "Basi Bi Mwanakhamis, leo hatujamsomea mtu. Tumesoma dua tu, tumekula tende."

Hukusomewa, Jabir. Hakuna kinachokutafuta. Nyoka ni nyoka na homa ni homa. Yote uliyoyakimbia njia nzima hayakuwepo nyuma yako.

Sasa uzito wangu miye. Siti alipovimba, nilijua si Halbadiri. Miye na Maalim tu ndio tuliojua. N'ngesema neno moja kijiji kingenyamaza. Lakini n'ngesema hakusomewa mtu, wangeuliza mbona, na jawabu lake ni jina lako. Nikanyamaza miezi miwili. Nikamuona anapita dirishani anajikokota, nikateremsha pazia. Weye umeiba dhahabu. Miye nimeiba jina la mtu mzima na furaha ya mtoto. Sasa nani mwizi kati yetu?

Juzi nimekwenda kwake. Nimechukua mashahidi wanawake watatu, wale wale waliosema zaidi. Nimemwambia yote, na lako na langu. Siti uso umepungua kidogo, dawa zinamfaa. Kanisikiliza mpaka mwisho. Kasema, "Radhi nakupa, Bi Mwanakhamis, miye n'shachoka kubeba. Lakini mwanangu kakaa peke yake skuli miezi miwili. Zake sina, kamuombe mwenyewe."

Basi jana nimekwenda skuli. Umri wangu huno, nimekaa chini kwenye mkeka mbele ya mtoto wa miaka mitano, na darasa zima linatazama, na Ruweida kageukia ubaoni. Nimemuomba radhi. Nusaiba kafikiri. Kaniuliza, "Kwani kaa kabeba nini?" Nikamwambia, kabeba changu. Kauliza, "Kakuibia?"

Nikamwambia hapana. Nimempa.

Na hivyo ndivyo ilivyo kutoka leo. Nimekupa, kimo kashani kinakungoja. Ruweida naye karidhia, kasema ataolewa na shingo tupu na atakayemuona mbaya ajifunike macho. Radhi zangu unazo, za dunia na akhera, za maziwa na za mgongo, ulizoomba na usizoomba. Nawe nipe zangu, maana nilikuacha uende na hofu ambayo n'ngeweza kuiondoa kwa barua moja, na kalamu ilikuwepo nyumbani. Niliona haya kuandika. Niliogopa watu kuliko nilivyokuogopea weye.

Mabruki anaondoka kesho. Tarehe yako ya kuvuka imeshapita siku nyingi. Nimemwambia asipokukuta huko, aende mpaka ukingoni mwa huo mto aisome barua hino kwa sauti. Kacheka, kisha kaona sicheki, kaniahidi.

Mama yako,
Mwanakhamis


Afrika Kusini, ng'ambo ya mpaka
15 Septemba 2024

Kwa Bi Mwanakhamis na mwalimu Ruweida,

Assalaam alaykum. Mimi Mabruki. Si mwandishi, mtanivumilia.

Jabir sikumkuta. Pale alipokuwa akilala pana watu wengine, hawamjui. Niliuliza kuhusu tarehe kumi na saba. Wanasema siku hiyo walivuka watu wengi, na wapo waliochukuliwa na maji, wengine wanasema wawili, wengine wanne. Majina hakuna anayeyaandika. Yule mzee wa Mwanza mnayemwita kobe nimemuona hospitali, anawasalimu, naye hajui.

Nilikwenda mtoni kama nilivyoahidi. Bi Mwanakhamis, khati yako ngumu, nimeokoteza kama mtoto wa juzuu ya kwanza. Mara ya kwanza nimeisoma kwa sauti ya chini kwa sababu nilikuwa naona haya, kulikuwa na watu wanafua. Mara ya pili nimeisoma kwa sauti kubwa. Nimekaa kidogo, kisha nikarudi kwenye gari nikajipanga foleni ya mpaka, na moyo wangu ulikuwa umekwisha kukata tamaa, siwafichi.

Nimevuka leo asubuhi. Kiasi cha kilomita kumi na mbili baada ya mpaka tairi limenipasukia. Nimelisogeza gari mpaka kibanda cha mtu anayeziba matairi kando ya barabara. Ukuta wake ni wa bati, umepakwa chokaa. Juu ya ile chokaa amechorwa kaa, mkubwa kuliko mlango, kwa rangi ya mafuta. Magando yote mawili ameyainua juu, na hayana kitu. Jicho moja linatazama mbele, jingine linatazama nyuma.

Nimemuuliza mwenye kibanda, Kiswahili hajui, tumesaidiana kwa mikono. Anasema aliyechora ni kijana mwembamba, alikuja kwa miguu, nguo zimekauka na tope. Alipewa mkate na chai, akalipa kwa kuchora. Alikuwa kila gari likipiga honi anashtuka na kutazama nyuma, kama mtu anayefukuzwa. Aliambiwa alale akakataa. Alielekea kusini, yapata wiki nne sasa. Hakuacha jina.

Ana hofu bado, basi. Na hii barua ninayo mfukoni, sijui nimpelekee wapi. Haroub simu yake haipatikani, nitajaribu tena nikifika mjini. Lakini nimefikiri, mchoraji huwa anapenda kurudi kutazama kazi yake, au mwenzake atapita amsimulie. Nimeomba brashi. Nilitaka chaki ya matairi, nikaona itafutika. Nimeandika chini ya yule kaa, kwa Kiswahili, herufi kubwa kiasi cha mtu kusoma akiwa ndani ya gari linalokwenda:

HUKUSOMEWA. MAMA KARIDHI TANGU MWANZO.

Ni rangi ya mafuta. Mvua haiifuti.

Mabruki